Bakshishi Imeingia Tili, Weita Amebaki na Trei

Jumapili jioni nilikuwa Kombewa, kwa mkahawa mmoja kando ya barabara ya kwenda Bondo. Ngege wa kukaanga, kuon ya mtama, osuga pembeni. Dada aliyenihudumia alininawisha kabla na baada, hata ndimu alikumbuka. Bili ilipofika nikalipa kwa simu, nikaongeza mia juu. Akatabasamu.

Hilo tabasamu nalijua. Nimelivaa mwaka mzima.

Karo iliponishinda niliacha chuo, nikapata kazi ya uweita Kisumu mjini. Mshahara ulikuwa wa kulipa nyumba tu. Kilichonilisha ni bakshishi. Mzee akishiba samaki wake anakukunjia noti mkononi: "Omera, kunywa soda." Hiyo soda ndiyo iliyokuwa nauli yangu na unga wa kesho.

Kisha meneja akabandika karatasi ukutani: hakuna keshi, lipa kwa tili. Wateja hawakuacha kutoa, ila walichoongeza kilipitiliza moja kwa moja hadi kwa simu ya mwenye hoteli. Mwisho wa mwezi tukauliza. Tukaambiwa hesabu haionyeshi.

Simlaumu kila mwenye mkahawa. M-Pesa ilianza 2007, Lipa na M-Pesa ikaja 2013, halafu korona ya 2020 ikafanya watu waogope hata kushika noti. Tili inapunguza wizi na hesabu za jioni hazisumbui. Lakini katika haya mageuzi yote, ni nani aliyekumbuka mwenye trei?

Kuna kingine kinachochanganya wateja. Risiti ya mkahawa mkubwa huwa na VAT ya asilimia 16 na ushuru wa utalii wa asilimia 2. Wengi hudhani hiyo mbili ni ya weita. Wapi! Huenda kwa Hazina ya Utalii ya serikali. Na ukiona "ada ya huduma", usiwe na haraka ya kushukuru: uliza kama inagawiwa wafanyakazi au inabaki ofisini.

Suluhisho si gumu. Mwenye mkahawa anaweza kuweka daftari kaunteni, kila kinachozidi bili kiandikwe na jina la aliyehudumu, kilipwe jioni hiyo hiyo. Wewe mteja nawe, lipa bili kwa tili, lakini bakshishi mtumie weita kwa namba yake, au mpe noti kama unayo. Usimuulize kwa sauti mbele ya bosi, utamletea balaa.

Mimi kosa hilo nililifanya Kombewa. Nilimuuliza yule dada, "Hii mia itakufikia kweli?"

Aligeuka akaangalia kaunta kwanza. Kisha akaokota sahani yangu, akasema polepole, "Karibu tena, kaka."

Nilirudi nikampa hamsini ya mkononi. Ndiyo pekee niliyokuwa nayo.