HESABU YA MAJAMVI KABLA YA MCHUMO

Wanachama wapenzi,

Mkulima wa Umwe, katika bonde la Mto Rufiji, hajui mto utafurika kiasi gani. Kwa hiyo mbegu yake haimwagi yote shambani. Nyingine huiweka akiba. Maji yakichukua mpunga, yakishuka hupanda mahindi katika ardhi ya unyevu, nako ndiko kulima mlau. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu mashamba mengi Rufiji na Kibiti. Asiye na akiba huikuta ardhi tayari, naye mkono mtupu.

Mto wetu sisi ni mchumo: mwaka huu mikarafuu hujaa, mwaka wa pili huwa haba. Na karafuu mbichi haingoji. Ikilala rundo huvunda, ikapauka, na daraja likashuka.

Basi tuhesabu mapema. Karafuu hukaa juani siku nne au tano. Achumaye jamvi moja kwa siku awe na majamvi matano, na la sita la siku ya mvua. Magunia yahesabiwe kwa karafuu kavu, kwani kilo tatu mbichi hutoa kama kilo moja. Ujira wa wachumaji nao utengwe kabla.

Akiba haiozi.

Wassalaam,
Katibu