Upasuaji ng'ambo: mambo ya kukagua kabla hujatuma shilingi ya kwanza

Mtoto aliungua na moto wa mafiga, sasa kovu limevuta shingo. Mwingine alizaliwa na mpasuko wa mdomo. Mama wa watoto watano anataka kurekebisha tumbo. Hawa wote wanaweza kuwa Lokichar, Lodwar ama Kakuma, na wote wanaweza kupata ujumbe ule ule kwenye WhatsApp: kuna hospitali India, lipa leo ushike nafasi.

Safari kama hiyo inawezekana. Lakini pesa ya mbuzi waliouzwa na ya mchango wa jamaa ikishaenda kwa mtu asiyefaa, kuirudisha ni kazi ngumu. Ndiyo maana tunakuambia: lipa kwa awamu, lipa kwa jina la hospitali, na ubaki na pesa ya kurudi nyumbani.

Anza na daktari wa karibu

Nenda kwanza hospitali ya rufaa ya kaunti pale Lodwar, uonwe na uandikiwe barua. Upasuaji wa kurekebisha makovu ya moto unafanywa hapa hapa Kenya, kwa mfano Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Kwa mpasuko wa mdomo, shirika la Smile Train hugharamia upasuaji katika hospitali linazoshirikiana nazo nchini. Mtu akikuitisha laki tatu kwa hiyo kazi, tulia, uliza kwanza.

Upasuaji wa urembo tu ni hesabu nyingine. Panga ukijua utatoka mfukoni mwako.

Hesabu safari nzima

Bei ya upasuaji ni kipande kimoja tu. Ongeza hivi:

- Pasipoti: ya kurasa 34 ni KSh 7,500. Unaomba kupitia eCitizen, kisha unaenda mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Eldoret kuna ofisi.
- Viza: India ina viza ya matibabu ya kuombwa mtandaoni, na wasindikizaji wasiozidi wawili wanaomba ya kwao.
- Chanjo ya homa ya manjano: India inadai cheti kwa anayetoka Kenya. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, kwa hivyo usingoje wiki ya safari.
- Siku za kupona: baada ya upasuaji wa tumbo ama kifua, ushauri wa kawaida ni kukaa angalau siku 10 kabla ya kupanda ndege, na daktari wako anaweza kukuongezea. Kukaa muda mrefu kwenye kiti kunaweza kuleta damu kuganda. Hizo siku zote ni malazi na chakula cha watu wawili.
- Kurudi: kutoka Nairobi ama Eldoret hadi Lokichar bado ni barabara ndefu, na kidonda kitahitaji kusafishwa ukifika. Omba ripoti ya upasuaji iliyoandikwa, daktari wa Lodwar ajue kilichofanywa.

Kwa mkimbizi wa Kakuma, kuna kibali cha kutoka kambini na hati ya kusafiria. Anzia ofisi ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi kabla ya kulipia kitu chochote.

Namna ya kulipa

Kwa M-Pesa, muamala mmoja hauzidi KSh 250,000 na laini haibebi zaidi ya KSh 500,000. Kama bajeti inapita hapo, fungua akaunti ya benki mapema, uhamishe pole pole. Ukiwa na akaunti hiyo, malipo ya hospitali ya nje yatoke benki kwenda akaunti yenye jina la hospitali yenyewe. Namba ya simu ya mtu binafsi haifai, hata akisema yeye ndiye wakala wao. Tafuta mwenyewe simu ya hospitali kwenye tovuti yake, upige, uulize kama wanakujua.

Soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Likiwa tofauti na ulilopewa, acha.

Mchango ukae kwa namba moja yenye watu wawili wa kuifuatilia, na kila risiti ihifadhiwe.

Ukiwa hospitalini

Washa roaming kabla ya kuondoka Kenya, la sivyo unaweza kukosa ujumbe wa kuthibitisha malipo. Na usimpe msindikizaji PIN yako, hata kama ni dada yako wa tumbo moja. Wewe utakuwa umelala kwa dawa ya usingizi. Mtumie pesa ya matumizi kwenye laini yake mapema, na pesa ya nauli ya kurudi muiweke kando, isiguswe.

Simama ukiona haya

- Unaharakishwa: bei inaisha leo.
- Hutajiwi jina la daktari wala hospitali.
- Umepewa bei kabla ya yeyote kuona kidonda, kovu ama vipimo.
- Unaitishwa PIN ama namba ya siri iliyotumwa kwa SMS.

Kama umeshatuma, usione aibu ukanyamaza. Piga huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo. Kwa M-Pesa, tuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456. Kisha ripoti polisi. Pesa ikiwa bado haijatolewa upande wa pili, kuna nafasi ya kuizuia. Ikishatolewa, nafasi hiyo inakuwa ndogo sana.