Kumbikumbi, Uyoga na Ndugu wa Siku ya Urithi

Wajukuu zangu, kumbikumbi hukaa wapi siku zote ambazo mvua hainyeshi?

Mnawajua wakishafika. Mvua ya jioni ikikatika hapa Bunia, mara taa ya barazani imezingirwa. Mama anatega beseni la maji chini ya taa, watoto wanakimbizana, kuku wa jirani kasahau kabisa habari za banda. Asubuhi mlangoni kumejaa mbawa tupu, zimelowa na kunata kwenye saruji. Sokoni akina mama wanawapima kwa kikombe, wameshakaangwa. Mafuta hayahitajiki, maana kumbikumbi hujikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Chumvi kidogo, basi.

Asiyewajua atasema wameanguka na mvua. Hata kidogo! Kumbikumbi ni mchwa, ukoo mmoja na wale wanaotafuna nguzo za nyumba. Ndani ya kichuguu kuna vibarua na askari, vipofu, wasio na mbawa. Msimu ukikaribia, ukoo huo hulea watoto wa namna nyingine, wenye macho na mbawa, wakalishwa mpaka wakanona. Vibarua huwatobolea njia za kutokea. Kisha wote wanangoja. Mvua ikilainisha udongo, vichuguu vya eneo zima hufungua milango jioni moja. Ndege, vyura, kuku na ninyi mtakula mpaka mvimbiwe, na bado watasalia. Tena hiyo ndiyo nafasi ya dume la kichuguu hiki kukutana na jike la kichuguu kile. Wakitua, wanaziangusha mbawa zao wenyewe, jike linatangulia, dume linafuata nyuma kama limefungwa kamba, wanatafuta pa kuchimba. Wengi hufia njiani. Wachache wanaofika huanzisha kichuguu kipya, na malkia akishakomaa hutaga mayai maelfu kwa siku.

Kuna aina ambayo watu huidanganya. Huku kwetu, na ng'ambo ya Ziwa Albert upande wa Uganda, wapo wanaopigapiga vijiti juu ya ardhi: ta-ta-ta-ta, kama matone. Walio chini wanadhani mvua imeshuka, wanatoka, wanaangukia shimoni walikotegewa.

Na uyoga je? Mchwa wa vichuguu vikubwa ni wakulima. Hula majani makavu na miti, na juu ya mavi yao (msicheke) huotesha ukungu ambao ndio chakula chao. Mvua zikija, ukungu huo huchomoza juu ya kichuguu, uyoga mnene wa mguu mrefu, mtamu kuliko nyama nyingi ninazozijua. Kwa hiyo kumbikumbi na uyoga, ambao sisi Waswahili huwataja tukitaka kusema watu wameibuka ghafla, ni watu wa nyumba moja. Waingereza kwa maana hiyohiyo husema watu wametoka ndani ya mbao. Kwao kuna mdudu ambaye buu lake hutafuna ubao gizani miaka kadhaa, halafu siku moja anatoboa kitundu na kutokeza sebuleni. Mwenye nyumba anashangaa. Mdudu hana la kushangaa, maana hapo ndipo alipokulia.

Sasa, kumwona anayestahili jina la kumbikumbi, tazameni dhahabu. Mwaka 1903, nchi hii ya Kongo ikiwa bado ya mfalme Léopold wa Ubelgiji, Waaustralia wawili, Hannan na O'Brien, waliiona katika mto Agola, huku Ituri. Ndiyo iliyozaa migodi ya Kilo na Moto. Kwa miaka mingi mwananchi aliyeokota chembe alikuwa mwizi mbele ya sheria, mpaka mwaka 1982 serikali ya Mobutu ilipowaruhusu raia kuchimba kwa mikono. Tangu hapo, shimo likisemwa limetoa, hata kama ni uvumi tu, haipiti muda kilima kimejaa: wachimbaji, mama wa maharage, muuza betri, mwenye kuchaji simu, mhubiri, na mtu anayedai babu yake alilima pale pale. Hao kweli ni kumbikumbi. Wameona taa.

Lakini usemi huu wa kumbikumbi una dharau ndani yake, kwa hiyo angalieni mnamtupia nani. Mwanzoni mwa mwaka 2018 watu wa eneo la Djugu waliingia Bunia kwa maelfu, wakakimbilia hata kando ya hospitali kuu, na magodoro yao vichwani. Nao walionekana ghafla. Ila hawakufuata taa yoyote. Nyumba zao zilikuwa zimechomwa. Nikimsikia mtoto akiwaita hao kumbikumbi, tutakosana.

Mwiteni hivyo yule ndugu wa siku ya urithi. Mzee ameugua mwaka mzima, anayemgeuza kitandani ni binti yake mmoja. Anazikwa, na kumbe aliacha parsele, yaani kiwanja, karibu na barabara kuu. Wiki haijaisha, ukoo umefurika: baba mdogo kutoka Mahagi, binamu kutoka Aru, na kijana mwenye koti ambaye hakuna anayejua ametokea tumbo gani. Kila mmoja analia kwa sauti kuliko mwenzake, na jicho moja linapima mipaka ya kiwanja.

Bibi yenu ana dawa yao. Huwakaribisha wote, huwapa viti, halafu humwuliza mmoja mmoja kwa upole: "Mwanangu, marehemu alipokuwa hawezi kumeza, ulikuwa ukimpikia uji wa nini?" Aliyekuwepo hujibu hapohapo, uji wa mtama, tena bila sukari. Mwingine huanza kukohoa na kuomba maji ya kunywa.