Jua Lilipatwa na Nini?

JUMA lililopita mwanafunzi wangu mmoja alikataa katakata kuandika ‘kupatwa kwa jua’ katika makala yake. Ati mtu hupatwa na homa au ajali. Jua nalo lilipatwa na nini? Alipendekeza ‘mfuniko wa jua’, akidai lugha ya sayansi haifai kubeba hofu za wahenga.

Hoja yake ina mashiko. Kauli ya kutendwa hapa inanuka balaa, nakiri. Lakini kauli hiyohiyo ndiyo inayotudai jibu, kwani kinachopatwa sharti kipatwe na kitu. Jua hupatwa na mwezi unapopita kati yake na dunia. Mwezi nao hupatwa na kivuli cha dunia. Wapwani wanaosubiri mwezi mwandamo watanielewa upesi: jua hupatwa mwezi unapokwisha, siku ambazo usiku hauna mwezi wa kuonekana.

Nilimpa mfano wa Juni 30, 1973. Siku hiyo kivuli cha mwezi kiliikata Afrika kuanzia Mauritania hadi Somalia. Alasiri kilipita kaskazini mwa Kenya, kwenye ziwa ambalo wakati huo bado liliitwa Rudolf, siyo Turkana. Kule Sahara giza lilidumu dakika 7 na ushei, muda mrefu ajabu kwa tukio la aina hii.

Mwanaastronomia Mfaransa Pierre Léna aliona hazitoshi. Alitaka kuichunguza korona, ile nuru hafifu inayolizunguka jua, ambayo mng’ao wa jua lenyewe huimeza siku zote. Basi yeye na wenzake wakapanda Concorde iliyotobolewa vidirisha paani. Rubani André Turcat akairusha kutoka Las Palmas, wakakifuata kivuli kwa kasi ya zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa hadi Chad. Walikaa ndani ya kivuli dakika 74!

Na korona hiyo, je? Neno lenyewe ni la Kilatini, maana yake taji. Mnamo 1968 wataalamu waliotazama virusi fulani kwa hadubini waliona ukingo wake unafanana na korona ya jua, wakaviita hivyo. Kumbe lile jina lililotufungia nyumbani 2020 lilitoka huko juu!

Kupatwa kwa 1973 kuna ndugu zake. Kila baada ya miaka 54 na mwezi mmoja hivi, jua hupatwa kwa namna inayokaribiana sana na hiyo, tena upande uleule wa dunia. Aliyetangulia alikuwa wa Mei 29, 1919. Anayefuata ni wa Agosti 2, 2027, atakayepita Misri na ncha ya Somalia. Sisi Kenya tutaona jua limemegwa kipande tu. Tafadhali, miwani ya kawaida ya jua haikingi macho.

Mwanafunzi wangu amekubali kuandika ‘kupatwa’, mradi nimwachie ‘mfuniko’ katika tanbihi. Nimemwachia.