Uchunguzi wa siku chache, kazi ya maisha yote

Habari ya juma hili inatoka mbali, Marekani, lakini mama yeyote aliye na binti kazini ao masomoni ataielewa mara moja. Mtu anatajwa ili apewe kiti katika tribinali iliyo juu ya tribinali zote za inchi. Kisha mwanamke anasema: mtu huyu alinitendea vibaya. Sasa ni nani atachunguza, kwa siku ngapi, na ataenda kuuliza nani?

Tarehe 1 Julai 1991, Prezida George Bush (yule baba, si mtoto) alimtaja Clarence Thomas achukue nafasi ya Thurgood Marshall, mwamuzi mweusi wa kwanza wa Tribinali Kuu. Kule, mwamuzi wa tribinali hiyo hana muda uliopangwa. Anakaa mpaka ajiuzulu ao afe. Kwa sababu hiyo Senati inapaswa kumchunguza kandida kwanza, kisha kupiga kura.

Anita Hill alikuwa mwalimu wa sheria katika iniversite ya Oklahoma. Yeye ni mtoto wa mwisho kati ya watoto 13 wa mkulima. Miaka kumi mbele alikuwa amefanya kazi chini ya Thomas katika ofisi mbili za serikali, na moja kati ya hizo ndiyo ilipewa kazi ya kupokea mashitaka ya watu waliotendewa vibaya kazini! Aliwaambia wapelelezi wa FBI kwamba Thomas alimsumbua mara nyingi atoke naye, na kwamba alipokataa, alimzungumzia mambo machafu ya kitandani na ya filamu chafu. FBI walimuuliza Septemba, wakamuuliza Thomas pia, naye akakana yote. Raporo ikafika kwa komisyo ya sheria ya Senati, wanaume 14, wote wazungu. Tarehe 27 Septemba walipiga kura, ikawa 7 kwa 7, na jambo likasukumwa mbele kwenda kwa Senati nzima. Watu wa inje hawakujua kitu.

Tarehe 6 Oktoba waandishi wa habari wawili walitoboa siri. Siku mbili nyuma, wabunge saba wanawake walipanda ngazi za Senati kwa miguu, wakabisha mlango ambamo maseneta wa chama chao walikuwa wanakutana, wakakatazwa kuingia. Picha yao iko mpaka leo. Lakini kura iliyopangwa jioni ile ikaahirishwa kwa juma moja.

Kwa hiyo siku ya tano, tarehe 11 Oktoba, Hill aliketi peke yake mbele ya meza ya wale 14, na inchi nzima ikatazama ku televizyo. Wazazi wake walikuwa ndani ya chumba. Fikiria kuwa mama yake: kumsikia mtoto wako akilazimishwa kurudilia maneno machafu, tena na tena, mbele ya wanaume wasiomjua. Walimuuliza kwa nini alinyamaza miaka ile yote. Walimuuliza kwa nini alimfuata Thomas katika ofisi ya pili. Alijibu kwamba aliona mambo yale yamekoma, na kazi yenyewe aliipenda. Alisema pia kwamba katika mwaka wa 1983 alilazwa hospitali siku tano kwa maumivu ya tumbo, na kwamba aliyahesabu kuwa yalitokana na mateso ya kazini.

Maulizo haya tunayajua. Hata sisi wenyewe, binti wa jirani akisema neno la zamani, tunauliza "mbona hakusema siku ile?" mbele ya kumuuliza yule anayeshitakiwa.

Thomas naye alikuja akakana kwa hasira, akasema wanamnyonga kwa sababu yeye ni mweusi anayefikiri kivyake. Ni haki yake kujitetea, na hakuna tribinali iliyomkuta na kosa. Lakini uchunguzi wenyewe ndio ulipwaya. Watu wanne walishuhudia kwamba Hill aliwaambia mambo haya miaka mingi mbele. Mwanamke mwingine aliyefanya kazi chini ya Thomas alikuwa tayari kusema yake. Thomas alikuwa amemfukuza kazi, kwa hiyo maneno yake yalihitaji kupimwa vizuri, lakini ili kuyapima ilipasa wamsikilize. Hawakumwita mbele ya watu. Waliyaweka maneno yake kwenye karatasi tu, basi. Tarehe 15 Oktoba Thomas alipita kwa kura 52 kwa 48. Wanawake katika Senati ile ya watu 100 walikuwa wawili tu.

Mwezi uliofuata, wanawake weusi 1.603 walichanga feza na kulipia ukurasa katika gazeti la New York Times ili kumtetea Hill. Chama chochote cha wamama kinajua kuchanga vile kunaomba nini. Na katika uchaguzi wa 1992 wanawake wapya wanne waliingia Senati. Mmoja wao, Patty Murray, mwanasiasa mmoja alikuwa amemcheka kwamba yeye ni mama tu wa viatu vya tenisi. Alilichukua neno hilo, akafanya nalo kampeni, akashinda.

Mungeweza kufikiri kwamba walijifunza. Mwaka wa 2018 Prezida Trump alimtaja Brett Kavanaugh, na mwalimu wa elimu ya akili, Christine Blasey Ford, akasema Kavanaugh alimshambulia mwaka wa 1982, yeye akiwa na miaka 15. Kavanaugh alikana kabisa. Wote wawili walisikilizwa siku moja, tarehe 27 Septemba. Kesho yake wanawake wawili walimzuia seneta Jeff Flake kwenye mlango wa asenseri na kumwambia kwa machozi awaangalie machoni. Saa chache nyuma akaomba uchunguzi wa FBI.

Alipewa juma moja. FBI waliuliza watu kumi, lakini hawakumuuliza Ford, wala Kavanaugh. Raporo ilikuwa kopi moja, maseneta wakaisoma kwa zamu ndani ya chumba kilichofungwa, na tarehe 6 Oktoba kandida alipita kwa 50 kwa 48.

Mwaka wa 2021 FBI wenyewe waliandikia maseneta barua. Katika siku zile, watu walikuwa wamewaletea habari zaidi ya 4.500 juu ya kandida huyu. Zile zilizoonekana kuwa na maana zilitumwa kwa maavoka wa ikulu, nyumba ya yule yule aliyemtaja.