Vazi la Nanasi kwa Mtoto wa Chekechea

Vazi la tunda ambalo mtoto huvaa kwenye igizo la shule, mahafali ya chekechea au siku ya wazazi hutazamwa kwa mbali na kwa dakika chache tu. Mtu aliyekaa kiti cha nyuma haoni mshono wala vidoa vidogo. Anachokiona ni umbo, rangi moja au mbili kubwa, na kile kilichopo kichwani. Ndiyo maana matunda hayalingani kwa ugumu. Chungwa na pasheni, yakishageuzwa nguo, hayabaki na alama ya kuyatofautisha, na wazazi huishia kuulizana mtoto amevaa nini. Embe lina mpinde na ncha yake, lakini fundi akikosea kidogo tu linageuka figo. Tikiti maji hutoka vizuri likifanywa kipande badala ya tunda zima: nusu duara nyekundu, mkanda mweupe, ganda la kijani na mbegu nyeusi. Yanayojitambulisha bila maelezo ni mawili, ndizi na nanasi.

Ndizi iliwahi kufikishwa hata mahakamani. Tarehe 1 Agosti 2019, Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tatu nchini Marekani iliamua kesi ya kampuni ya Rasta Imposta, iliyodai kwamba vazi lake la ndizi limeigwa. Majaji walikubali kwamba rangi, mistari, umbo na urefu wa vazi hilo, vikichukuliwa kwa pamoja, ni ubunifu unaolindwa na sheria ya hakimiliki. Matundu ya mikono, miguu na uso waliyaweka kando, kwa kuwa hayo ni ya matumizi tu. Mgawanyo huo unamfaa pia anayeshona nyumbani. Vazi la tunda ni vitu viwili vilivyounganishwa: picha ya tunda, na nguo ambayo mtoto ataweza kutembea, kukaa na kujisaidia akiwa ameivaa. Mavazi mengi ya nyumbani huharibika kwa sababu picha imepewa nafasi yote.

Kwa hali ya hewa ya Pwani, na hata ya bara wakati wa jua kali, nanasi lina faida ya ziada: utambulisho wake wote uko kwenye taji la majani. Kiwiliwili kinaweza kuwa chepesi na wazi bila tunda kupoteza sura.

Vipimo vinavyohitajika ni vitatu: mzingo wa kichwa, mzingo wa kifua, na urefu kutoka begani hadi juu kidogo ya goti. Mtoto wa miaka mitano mwenye kimo cha kawaida, yaani karibu sentimita 110, huwa na kichwa cha sentimita 51 hivi, na kutoka bega hadi juu ya goti ni kama sentimita 50. Apimwe akiwa amevaa fulana na kaptula atakazovaa ndani siku hiyo.

Kiwiliwili hukatwa vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, kila kimoja kikiwa na upana wa sentimita 45 tumboni na kikipungua kuelekea mabegani na magotini. Vipande hivyo huunganishwa mabegani tu. Ubavuni huachwa wazi, vikashikana kwa lastiki mbili fupi kila upande ili upepo upite. Bega moja lisishonwe. Lifungwe kwa velkro au vifungo vya kubana, maana kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliko shingo inayopendeza kwenye nguo. Kitambaa bora ni poplini ya pamba ya njano, na shuka kuukuu lililotiwa rangi linafaa vilevile. Satini inang'aa vizuri jukwaani, ila inateleza chini ya mkasi na inamchemsha mtoto.

Wapo wanaotengeneza mfuko wa duara na kuujaza pamba au matambara ili nanasi linenepe. Njia hiyo haifai. Mtoto hawezi kukaa, mikono haishuki ikalala mwilini, na baada ya nusu saa analia kwa joto. Unene wa kutosha hupatikana kwa sponji ya sentimita moja, ile inayouzwa na mafundi wa makochi, ikitiwa kipande cha mbele peke yake, kati ya kitambaa na bitana. Upindo wa chini wa bitana uachwe bila kushonwa ili sponji itolewe wakati wa kufua.

Kazi inayostahili uvumilivu ni macho ya nanasi. Kosa la kawaida ni kuchora miraba iliyonyooka, ambayo hufanya tunda lionekane kama dirisha la nondo. Kwenye nanasi lenyewe macho yamepangika kwa mistari inayozunguka tunda kwa pande mbili, mara nyingi 8 kwa upande mmoja na 13 kwa upande mwingine. Ile 8 hupanda polepole, na ile 13 husimama zaidi. Kwa hiyo mistari ya chaki ya fundi ichorwe ikiwa imelala kwa upande mmoja na kuinuka zaidi kwa upande wa pili, ikiachana kwa kama sentimita 7. Inapokatana hupatikana vyumba vilivyoinama kidogo, na hapo ndipo jicho la mtazamaji linaposema nanasi. Juu ya chaki hupitishwa utepe mwembamba wa kahawia au mshono mnene wa zigizaga, kisha katikati ya kila chumba hushonwa kipande kidogo cha kahawia chenye ncha. Anayetaka kwenda mbali zaidi akumbuke kwamba nanasi huanza kuiva chini kwenda juu. Kijani hafifu karibu na mabega, kikiyeyukia kwenye njano, huleta uhai ambao njano tupu haina.

Taji ndilo lisilofaa kufanyiwa haraka. Karatasi ya manila ni rahisi kukata, lakini hulegea kwa jasho na hujikunja kabla ya wimbo wa pili. Majani ya kitambaa cha kijani, yaliyoshonwa mara mbili na kutiwa ndani kile kitambaa kigumu cha kola, hudumu kwa miaka. Yakatwe kama 15, yenye upana wa sentimita 5 au 6 kwenye shina na ncha kali juu. Marefu, yasiyozidi sentimita 20, yashonwe safu ya ndani yakiwa yamesimama. Ya kati yafuate. Mafupi yakae nje na kupinda kuelekea chini. Yote hushikizwa kwenye mkanda wa kitambaa unaofungwa nyuma kwa lastiki pana. Juu pabaki wazi, kichwa kipumue. Taji refu kupita kiasi huangukia machoni kila mtoto anapoinama kusalimia. Meno ya pembeni mwa majani hayana haja: aina ya Smooth Cayenne yenyewe haina miiba ila karibu na ncha.

Usalama una mambo yake machache ila hayana mjadala. Sponji ya makochi hushika moto upesi na moshi wake ni sumu, hivyo vazi lenye sponji likae mbali na mishumaa ya keki na jiko. Kamba ya kufunga shingoni isiwepo kabisa. Nchini Marekani, tangu 2011, kamba za kukaza shingoni na kwenye kofia za nguo za juu za watoto wadogo zimehesabiwa rasmi kuwa hatari. Kinyago kisiwepo pia, kwa sababu humfungia mtoto asione pembeni. Rangi ya uso ijaribiwe mkononi siku moja kabla.

Vazi likikamilika lijaribiwe nyumbani, siku mbili au tatu kabla ya sherehe. Mtoto akae chini, apande ngazi, anyooshe mikono juu na aende chooni bila msaada. Chochote kinachomkwaza kipunguzwe, hata kama kilimpendeza fundi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu hakuna haja ya sponji wala macho ya kushona: gauni au fulana ndefu ya njano na taji dogo jepesi vinatosha.