Picha ya Gemu Inalipiwa na Nani?

Juni 2023, serikali ya Marekani ilipokuwa mahakamani San Francisco ikijaribu kuizuia Microsoft isiinunue Activision Blizzard, Sony ilipeleka nyaraka zake huku tarakimu za siri zimepakwa wino mweusi wa kalamu nene. Nyaraka zikapitishwa kwenye skana, na wino ukasaliti. Waandishi wa habari walioketi na kuzikodolea macho wakazisoma: gemu ya The Last of Us Part II ilikula dola milioni 220, na Horizon Forbidden West dola milioni 212. Ya kwanza ilikuwa na waajiriwa wapatao 200 kazi ilipopamba moto, ya pili 300.

Kabla ya siku hiyo, wachezaji walikuwa wakilalamika kwa hisia tu. Gemu zimekuwa nzuri kutazama, walisema, ila hazichezeki kama zamani. Sasa malalamiko yao yamepata hesabu, na hesabu hiyo inastahili kufuatwa, maana ndiyo inayoeleza kwa nini duka la gemu limejaa matoleo ya pili, ya tatu na ya sita ya vitu vilevile.

Fedha hizo nyingi ni mishahara. Gemu haina saruji wala nondo. Ina watu na miezi. Chukua Red Dead Redemption 2 ya mwaka 2018, ambayo Rockstar iliitengeneza kwa takriban miaka minane. Farasi wa humo akifikishwa kwenye baridi, korodani zake husinyaa. Si utani. Kuna mtu aliichora hali hiyo na mwingine akaipima, na wote wawili walilipwa mwisho wa mwezi. Mchezaji hapigi risasi vizuri zaidi kwa sababu ya korodani za farasi. Lakini mambo madogo ya aina hiyo, yakizidishwa mara maelfu, kuanzia mkunjo wa shati na jasho la paji la uso hadi kivuli cha jani ukutani, ndiyo yanayoitwa ubora wa picha, na kila moja lina bili yake.

Haki itendeke: kelele za kwamba picha inaua mchezo ni za zamani kuliko PlayStation yenyewe. Mwaka 1994 ilitoka Rise of the Robots, gemu ya mapigano iliyotangazwa kwa mbwembwe kwa sababu ya maroboti yake yaliyong'aa kuliko chochote kilichokuwepo sokoni. Ukicheza peke yako ulipewa roboti mmoja tu wa kumwongoza, na wapinzani wengi uliwamaliza kwa teke lilelile la kuruka. Wahakiki waliichana. Kwa hiyo ulaghai wa picha haukuanza jana. Kilichobadilika ni bei ya ulaghai huo, na faida yake kwa mnunuzi. Aliyetoka PlayStation ya kwanza kwenda ya pili aliona dunia mpya; wachezaji wa mpira walipata pua na vidole. Aliyetoka ya nne kwenda ya tano inabidi aoneshwe tofauti iko wapi, mara nyingi kwa kusimamisha picha na kusogeza uso karibu na runinga.

Gharama, hata hivyo, hazikupungua kwa kadiri hiyo. Shawn Layden, aliyekuwa kigogo wa PlayStation, alionya mwaka 2020 kwamba kila kizazi kipya cha mashine kimekuwa kikiongeza gharama maradufu, na kwamba mwendo huo hauwezi kuendelea. Bei ya rejareja, kwa upande wake, iliganda kwenye dola 60 kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hadi 2020, ndipo ikapanda hadi 70. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anajua maana ya gharama kupanda maradufu huku bei ikisimama. Unauza zaidi, au unafunga.

Mwishoni mwa 2023 wadukuzi waliiba mafaili ya studio ya Insomniac na kuyamwaga hadharani. Kwa mujibu wa mafaili hayo, Marvel's Spider-Man 2 iligharimu takriban dola milioni 300, na ilihitaji kuuza nakala zipatazo milioni 7 kwa bei kamili ili tu irudishe fedha. Milioni 7 kabla ya senti moja ya faida! Hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo. Msimamizi mwenye deni la namna hiyo hawezi kumruhusu mbunifu ajaribu kitu ambacho hakijawahi kujaribiwa. Atachagua shujaa anayejulikana na ramani ya aina iliyokwisha kuuza, kisha aongeze manyoya ya barakoa. Picha haikuunyonga mchezo kwa mikono yake. Ilimaliza fedha ambazo zingelipia makosa, na ubunifu bila fursa ya kukosea haupo.

Pale wakubwa wanapojaribu kutoka nje ya njia hiyo, huanguka kwa kishindo. Sony iliiachia gemu ya Concord tarehe 23 Agosti 2024, ikaizima tarehe 6 Septemba na kuwarudishia watu fedha. Wiki mbili. Studio iliyoitengeneza ilifungwa Oktoba. Mapema mwaka huohuo Microsoft ilikuwa imetangaza kupunguza watu 1,900 katika kitengo chake cha gemu, na Sony 900.

Kuna hasara nyingine ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya hesabu, nayo inatugusa sisi wa huku zaidi kuliko wengine. Mashine ina nguvu zenye kikomo. Ukizitumia kuchora, hazibaki za kufanya mengine. Gemu ya kupiga risasi au ya mbio za magari inayochezwa na watu wawili kwenye runinga moja huhitaji skrini ikatwe vipande viwili, yaani mashine iuchore ulimwengu mara mbili kwa wakati mmoja. Oktoba 2015 ilitoka Halo 5, ya mfululizo ambao umaarufu wake ulijengwa na marafiki waliobanana kwenye kochi moja, na ikatoka bila skrini ya kugawana. Watengenezaji walitaka fremu 60 kwa sekunde na picha ya kiwango fulani. Wa pili kochini akaondolewa. Wateja walikasirika kiasi kwamba kampuni iliahidi kumrudisha, lakini ilipofika zamu ya Halo Infinite, mwaka 2022 ikatangaza kwamba hadithi yake haitachezwa kwa skrini ya kugawana. Mwaka 2023 Baldur's Gate 3 ya Larian, studio ya Ubelgiji, ilichelewa kufika Xbox kwa miezi kadhaa kwa sababu mashine ya bei nafuu ya Microsoft, Series S, haikumudu kuigawa skrini. Mwishowe Microsoft ilikubali gemu itoke kwenye mashine hiyo bila uwezo huo.

Tazama sasa kibanda cha gemu cha Manzese, au cha Eastleigh kule Nairobi. Runinga mbili au tatu, padi ambazo raba ya vidole imelika hadi plastiki inaonekana, benchi la mbao, na vijana wanaosubiri zamu. Malipo ni kwa mechi. Mwenye kibanda huweka vipindi vifupi, na aliyefungwa anapisha. Katika biashara hiyo, gemu yenye sinema ya dakika kumi kabla ya mtu kugusa padi ni hasara tupu. Gemu ya mtu mmoja ya saa 40, hata iwe nzuri kama ndoto, haiwezi kuuzwa kwa mechi. Ndiyo maana vibandani utakuta mpira, na baada ya mpira mapigano: aina mbili ambazo wachezaji wote hutumia picha moja isiyokatwa. Watu husema vijana wetu hawapendi gemu nyingine. Nadhani gemu nyingine ndizo zilizoacha kuwatengenezea nafasi ya kukaa wawili.

Na wala si kwamba soko la wawili limekufa. Hazelight ya Stockholm haitengenezi kingine ila gemu za watu wawili, skrini ikiwa imekatwa kwa sehemu kubwa ya mchezo, na nakala moja inawatosha wote wawili. It Takes Two ya mwaka 2021 imepita nakala milioni 20. Split Fiction iliyoifuata Machi 2025 iliuza milioni 2 ndani ya wiki moja. Zote zinapendeza macho. Tofauti ni kwamba kochi lilikuwa sharti tangu mwanzo, na mchoro ukapimwa kulingana na kochi.

Nintendo imekuwa ikila matunda ya hesabu hiyo tangu 1989. Game Boy ilikuwa na kioo cha rangi moja kisichowaka, katika miaka ambayo Sega Game Gear ilikuwa na rangi na taa. Lakini Game Gear ilimaliza betri sita kwa saa chache, wakati ya Nintendo iliendelea na nne zake kutwa nzima. Mzazi ndiye aliyenunua betri, na mzazi ndiye aliyeamua. Wii ya mwaka 2006 ilikuwa dhaifu mbele ya PlayStation 3, ikaipita kwa mauzo: zaidi ya milioni 100 dhidi ya takriban milioni 87. Switch nayo, iliyotoka 2017 ikiwa nyuma ya wapinzani wake kwa nguvu, imevuka milioni 150.

Upande wa simu hadithi ni hiyohiyo. Free Fire ya Garena, kampuni ya Singapore, ilitengenezwa makusudi ikubali kwenye simu za bei ya chini: watu 50 uwanjani badala ya 100 wa gemu za aina yake, raundi ya dakika kama kumi, picha ya kawaida tu. Mwaka 2019 ikawa gemu ya simu iliyopakuliwa kuliko zote duniani. Kwa mtu anayenunua bando la siku, ukubwa wa faili ni sehemu ya bei. Red Dead Redemption 2 ya kompyuta inadai nafasi ya GB 150, na kwa fedha za bando hilo wengi huku wangeona bora wanunue simu.

Yupo pia yule wa Canada, anayejiita LocalThunk, aliyetoa Balatro Februari 2024 akiwa mtengenezaji peke yake. Karata, alama, na sauti ya kuchekesha. Ndani ya mwezi mmoja nakala milioni 1 zilikuwa zimekwenda, na hadi Januari 2025 milioni 5. Ila mtu asiichukulie Balatro kama ushahidi kwamba umaskini wa picha ni sifa. Maelfu ya gemu ndogo hutoka kila mwaka zikiwa na michoro duni na uchezaji duni vilevile, na hakuna anayezisikia. Na mwaka 2025 Sandfall, studio ya Montpellier nchini Ufaransa yenye watu wapatao 30 na vibarua wa nje, ilitoa Clair Obscur: Expedition 33, gemu yenye sura za kuvutia kuliko nyingi za mamia ya milioni. Iliuza milioni 1 kwa siku tatu. Injini yake, Unreal Engine 5, inapatikana kwa yeyote. Sandfall walinunua uzuri uliokwisha tengenezwa, wakatumia muda wao kwenye mapigano ya zamu, mtindo ambao wakubwa wengi walishauweka kabatini.

Studio za kwetu zimepita njia zote mbili. Mwaka 2015 Kenya ilipata Nairobi X, gemu ya kupiga risasi yenye picha za pande tatu, iliyojaribu kuwafuata wakubwa kwenye uwanja wao. Nchini Uganda, Kola Studios ya Kampala ilichukua matatu, mchezo wa karata ambao kila Mganda anaujua, ikauweka kwenye simu. Kama ningekuwa na fedha za kuwekeza, ningeziweka kwa mwenye karata bila kusita.

Turudi kwenye mpira, maana ndiko fedha za wengi wetu ziliko. Konami, wenye Pro Evolution Soccer iliyotamba kwenye PlayStation 2 za mitaani kwetu, walihamia injini mpya na tarehe 30 Septemba 2021 wakatoa eFootball 2022. Ilikuwa na klabu tisa. Nyuso za mastaa zilipinda, macho yakatoka pima, mashabiki wakazisambaza mitandaoni kwa vicheko. Siku ya pili Konami iliomba radhi, na toleo lililokamilika likasubiri hadi Aprili 2022. Hapo hapakuwa na picha wala mchezo.

EA, mpinzani wao, walikuwa wameshagundua jambo lingine. Katika mwaka wa fedha wa 2021, Ultimate Team, yaani pakiti za kadi za wachezaji zinazouzwa ndani ya gemu zake za michezo, iliingiza dola bilioni 1.62. Katika mwaka wa fedha wa 2025, zaidi ya asilimia 70 ya mapato ya EA ilitokana na huduma za namna hiyo, siyo mauzo ya gemu yenyewe. Kila mwaka tunaoneshwa nyasi mpya, nywele mpya, jasho jipya. Fedha ziko kwenye kadi. Septemba 2025 ilitangazwa kwamba kampuni itauzwa kwa dola bilioni 55 kwa kundi linaloongozwa na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, na bilioni 20 kati ya hizo ni mkopo. Mkopo huo utalipwa na mtu aliyeunganishwa intaneti, mwenye kadi ya benki, anayenunua pakiti usiku chumbani kwake. Vijana wawili wanaogombea padi kwa malipo ya mechi hawanunui pakiti yoyote, na EA haina njia ya kujua kwamba wapo.